Naomba ushauri: nitapataje muda wa afya yangu kati ya kazi na watoto?

Habari zenu wapendwa. Nina watoto watatu, mdogo bado ananyonya. Naishi Chanika, ofisi iko Posta, kwa hiyo naamka saa kumi alfajiri niwahi daladala kabla foleni haijakaza. Nikirudi ni usiku, madaftari ya wakubwa yananisubiri. Baba yao anafanya kazi mkoani.

Juzi nilipima presha ikasoma 145 kwa 95. Daktari kasema nirudi kupima tena, nipunguze chumvi, nitembee. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Hiyo nusu saa ndiyo sijui niitoe wapi. Nimewaza kushuka kituo cha nyuma nimalizie kwa miguu, lakini usiku naogopa, njia yetu ina giza.

Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi nacho naahirisha kila mara, na ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania. Hilo linaninyima raha kuliko presha.

Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kuna aliyeziomba kazini kwake? Bosi alipokeaje? Dada wa kazi ninaye, ana moyo sana, ila naona vibaya kumwongezea mzigo.

Dada zangu mnaofanya kazi mbali na nyumbani, ninyi mnatembea saa ngapi?