Nyumba yetu Leicester: nyaya za zamani zinapukutika darini, tuanzie wapi?

Kutoka: mama wa watatu, Leicester

Salaam wanajumuiya,

Naandika usiku huu nina wasiwasi, mwenye uzoefu anisaidie tafadhali. Baadhi yenu mnajua tulihamia nyumba yetu hapa Leicester mwezi wa tatu, zile za matofali zilizoungana ukuta kwa ukuta, imejengwa kabla ya vita vya kwanza. Juzi mume wangu akapanda kubadilisha taa ya chumba cha watoto, alizima mein swichi kwanza alhamdulillah, kufungua tu pale darini akakuta nyaya zimevikwa mpira mweusi na juu yake kitambaa, akagusa kidogo ule mpira ukapukutika wote kama ganda la karanga, shaba ikabaki wazi, mbili zimekaribiana hata kidole hakipiti.

Tukashuka kuangalia bodi ya fyuzi chini ya ngazi. Imepigiliwa kwenye ubao, fyuzi zenyewe zile za kauri za kufunga waya kama za kwa bibi Tanga, na moja mtu kafunga waya mnene kabisa usio wa fyuzi.

Kinachoniuma ni kwamba kabla ya kununua tulilipa mkaguzi, ripoti yake kurasa karibu arobaini, kwenye umeme kaandika mstari mmoja tu kuwa yeye hakupima, tutafute fundi. Na sisi tulikuwa tunakimbizana na mkopo, mstari ule tukaupita. Sasa watoto wanalala sebuleni. Shemeji yangu kafanya wayaringi Dar miaka mingi, anasema anakuja wikiendi atabadilisha bodi na hizo nyaya za juu. Mnasemaje?

---

Kutoka: fundi umeme, Coventry

Dada pole sana, na mumeo kafanya la maana kuzima kwanza. Mimi kazi hii nimeanzia VETA nyumbani nikaja kusoma upya hapa, kwa hiyo nitakwambia kama ningemwambia dada yangu wa tumbo moja.

Nyaya za mpira zilitumika Uingereza mpaka miaka ya 1960 ndipo zile za plastiki zikashika. Mpira ukizeeka unakauka, na pale juu ya taa ndipo pabaya zaidi maana balbu imekuwa ikiupasha moto miaka na miaka. Ukiachwa umetulia unaweza kukaa hivyo hivyo, ukiusogeza ndipo unavunjika. Kwa hiyo msifungue taa nyingine wala swichi, hata kwa kuchungulia tu.

Halafu nyumba za umri huo laini za taa mara nyingi hazina waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, kanuni za hapa zilianza kudai ethi kwenye taa mwaka 1966. Kama mna taa ya chuma au swichi ya chuma msiiguse kabisa, maana waya wa moto ukigusa kile chuma hakuna kitakachokata umeme, atakayeshika ndiye atakayekuwa ethi.

Hiyo fyuzi ya waya mnene inanitisha kuliko hata darini. Fyuzi ya taa waya wake ni wa ampea 5 tu, kazi yake ni kuungua kabla waya wa ukutani haujapata moto, ukishaweka mnene anayeungua anakuwa waya wa ndani ya ukuta na wewe umelala. Hiyo laini isitumike mpaka fundi afike. Mkisikia harufu ya kuungua au mlio wa kukwaruza kwenye bodi, zimeni mein swichi kama mnaifikia salama, tokeni nje, na moto ukionekana ni 999. Tatizo likiwa kwenye ile fyuzi kubwa iliyofungwa sili kabla ya mita, pigeni 105, ni bure, hiyo ni mali ya kampuni ya nguzo na nyaya za mtaani na wao ndio wanaoshughulikia. Msikate ile sili.

Sasa shemeji. Ujuzi wake siukatai. Lakini rangi za nyaya, nyekundu na nyeusi tulizojifunzia nyumbani ndizo zilizokuwa hapa, kuanzia 2004 wakaingiza kahawia na bluu na 2006 ikawa lazima kwa kazi mpya. Nyeusi ya zamani ilikuwa nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, nyeusi ya sasa kwenye umeme wa fezi tatu ina moto! Fundi asiyezoea mchanganyiko huo anaweza kufa kwenye nyumba yako. Na tangu 2005 kazi kama kubadilisha bodi huku England inabidi ipite kaunsili, yaani halmashauri, au ifanywe na fundi aliyesajiliwa na vyombo vya kusajili mafundi, mfano NICEIC au NAPIT, ambaye anaithibitisha kazi yake mwenyewe. Siku ya kuuza nyumba wakili wa mnunuzi ataiomba karatasi ya uthibitisho huo.

Kwa hiyo anzeni na ukaguzi wa umeme wa nyumba nzima unaoitwa EICR. Kwenye ripoti yake mtaona herufi: C1 hatari ipo sasa hivi, fundi asiondoke kabla hajaizima, C2 inaweza kuwa hatari, FI ichunguzwe zaidi, C3 ni ya kuboresha tu. Ikiwepo hata moja kati ya C1, C2 au FI ripoti inafeli. C3 peke yake haifelishi, na hapo muwe macho, kuna mafundi wanaitumia C3 kuwatisha watu wabadilishe nyumba nzima.

---

Kutoka: mpangaji, kusini mwa England

Habari zenu. Mimi niongezee kwa sisi wa nyumba za kukodi maana wengi humu hatujanunua na tunadhani mambo ya stima si yetu. England landlodi wa kawaida lazima afanye hiyo EICR angalau kila miaka 5, ilianza na mikataba mipya Julai 2020, ya zamani ikafuata Aprili 2021, na mpangaji ambaye tayari anaishi humo anapewa kopi ndani ya siku 28, mpangaji mpya anapewa kabla hajaingia. Ikifeli ana siku 28 kurekebisha, au chini ya hapo kama fundi ameandika hivyo. Scotland na Wales wana sheria zao, angalieni za kwenu.

Kwetu soketi ya jikoni ilikuwa inageuka rangi ya kahawia tukichemsha maji, landlodi akasema ni uchafu. Nikaandika imeili, si simu, nikaweka picha, nikaomba ripoti. Hakuna jibu wiki tatu. Nikapeleka kwa kaunsili idara ya nyumba za kukodi wakaja kuona, kazi ikafanywa. Andikeni jamani, simu haiachi alama. Na tafadhali hita isichomekwe kwenye ekstensheni, najua baridi ni kali.

---

Kutoka: mama wa watatu, Leicester

Asanteni sana wote, nimechelewa kurudi kwa sababu tulihama kwa muda.

Ripoti ilitoka na C1 moja, ile ya chumba cha watoto, fundi akaikata laini nzima siku hiyo hiyo, na C2 saba. Shemeji nilimsomea ujumbe wa kaka wa Coventry akaelewa, akaja kusaidia kubeba fanicha. Tulichukua makadirio matatu, tukafanya wayaringi upya nyumba nzima, pauni 5,400, na plasta 900 juu yake. Siku tisa, mbao za sakafu zinainuliwa, kuta zinachimbwa mifereji, vumbi mpaka kwenye unga. Mkiwa na watoto wadogo msikae humo. Kitu ambacho sikukijua, ile bodi ya zamani inaweza kuwa na asbesto, zile nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, ndani ya fyuzi, fundi alisitisha mpaka ikapimwa, ikatoka salama.

Bodi mpya ni ya chuma, kila laini ina kifaa chake kinachokata umeme ukivuja miliampea 30, na shawa ya umeme imepata waya wake peke yake. Tuliongeza soketi mbili kila chumba maana ukuta ulikuwa wazi tayari. Kosa letu sebule tulikuwa tumeshaipaka rangi Aprili, yote ikachimbwa, kwa hiyo mnaonunua nyumba za zamani pimeni umeme kwanza ndipo rangi.

Karatasi ni mbili, cheti cha kazi yenyewe alichotuachia fundi, na ile ya kanuni za ujenzi iliyokuja kwa posta wiki ya pili. Bima nao nimewaandikia. Watoto wamerudi chumbani kwao jana. Ripoti na makadirio yote matatu nimeyaskani, anayetaka kuona yanavyoandikwa aniandikie nimtumie.