Naomba ushauri: mtoto mchanga ana dhambi gani? Na mimi niliyeokoka ni nani?

Mama_Kichanga:
Wakuu, Bwana asifiwe, na wasio wa huku salamu zenu. Mimi nimekulia ulokoleni, mume wangu Mkatoliki. Tumejaliwa mtoto, na mwenzangu anataka abatizwe mapema "aondolewe dhambi ya asili", ile tunayosemwa kurithi kutoka kwa Adamu. Usiku namnyonyesha, namwona kakunja ngumi, kaachia ziwa, anacheka usingizini, najiuliza: huyu kamkosea nani? Zaburi 51:5 Daudi anasema mama yake alimchukua mimba hatiani. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Nishike lipi?

La pili linanihusu mwenyewe. Kiongozi wetu wa maombi anakataza kusema "mimi ni mwenye dhambi", eti unakana ulivyo ndani ya Kristo. Nikienda misa na mume wangu, ibada inaanza kwa "nimekosa mimi". Sasa siku nikimfokea mume sijui hata nisali vipi. Naombeni mawazo, matusi bakini nayo.

Mpiga_Zeze:
Subiri afikishe miaka miwili umnyang'anye simu, utaniambia kama hana dhambi 😂

Katekista_Mstaafu:
Binti yangu, hakuna anayemshtaki mwanao kwa tunda la Edeni. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 404 inasema wazi kwamba dhambi ya asili imepokelewa, haikutendwa; ni hali, si kitendo. Mchukulie kama mtoto aliyezaliwa ukimbizini: yeye hakufukuzwa, ila kwao hajawahi kukuona. Anachokosa ni ule utakatifu ambao wazazi wetu wa kwanza walipewa wakaupoteza. Ezekieli anaongelea hukumu ya matendo ya mtu, Daudi anaongelea hali aliyozaliwa nayo. Hawagombani.

Ubatizo unaiondoa dhambi hiyo, lakini mwelekeo wa kutenda mabaya unabaki. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilisema hilo mwaka 1546. Ndiyo maana hata sisi tuliobatizwa utotoni bado tunapigana na nafsi zetu.

Neema_Tupu:
Mzee wangu, kwa heshima, hapo umelainisha mno. Efeso 2:3 inatuita kwa tabia yetu watoto wa hasira. Sisi wa mapokeo ya Kalvini tunasema Adamu alisimama kwa niaba yetu sote. Na dada, kabla hujalalamika kwamba si haki kuhesabiwa kosa la mwingine, soma Warumi 5:19 mpaka mwisho: kwa njia hiyohiyo unahesabiwa haki ya mwingine. Ukiukata mkono mmoja, na wa pili umeondoka.

Halafu tukisema upotovu kamili hatumaanishi kila mtu ni mbaya kadiri inavyowezekana. Tunamaanisha hakuna sehemu iliyosalimika: akili, utashi, hata nia njema zetu.

Uvumba:
Nyote wawili mnajibu kimagharibi. Sisi Waorthodoksi tunafundisha kwamba tulirithi kutoka kwa Adamu mauti na uharibifu, si hatia yake. Na bado watoto tunawabatiza, tunawapaka mafuta matakatifu na kuwapa Komunyo wangali wachanga. Kwa hiyo dada, usidhani ukikataa kwamba mtoto ana hatia basi suala la ubatizo limekwisha. Ni maswali mawili.

Neema_Tupu:
Pelagio, yule mwalimu wa kale aliyekana kwamba tumerithi dhambi ya Adamu, naye alianza hivyohivyo, mafundisho yake yakalaaniwa Karthago mwaka 418.

Uvumba:
Pelagio alisema anguko la Adamu halikudhuru asili yetu. Mimi nimesema limetuletea mauti. Soma vizuri, ndugu.

Bibi_wa_Jamvi:
Wanangu, mmemwacha mama wa watu na swali lake la pili, na ndilo linalomzuia kusali.

Mwanangu, Mwanzo 1 inatangulia Mwanzo 3. Ulikuwa mfano wa Mungu kabla hakujawa na kosa. Na usidhani mfano ule ulifutika: baada ya gharika, Mwanzo 9:6 bado inakataza kumwaga damu ya mtu kwa sababu hiyohiyo. Kiongozi wenu amesoma 2 Wakorintho 5:17, kwamba aliye ndani ya Kristo ni kiumbe kipya, akaruka 1 Yohana 1:8, kwamba tukisema hatuna dhambi twajidanganya, iliyoandikiwa waamini, si wapagani. Paulo naye anawaita Wakorintho waliotakaswa katika Kristo, halafu sura zinazofuata anawakemea kwa mafarakano na kushtakiana mahakamani. Hakuwavua lile jina. Luther alisema mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, na hapo, mimi nisiye Mlutheri, namkubali.

Basi siku ukimfokea mume, sali hivi: "Baba, nimemfokea." Neno la kwanza linasema wewe ni nani, la pili linasema umefanya nini. Yesu mwenyewe katika sala moja aliweka "Baba yetu" na "utusamehe". Kisha toka chumbani ukamwombe radhi na mwenyewe.

Mama_Kichanga:
Bibi, hii nitaisali leo hii. Mzee Katekista, mama mkwe anasema mtoto akifariki kabla ya ubatizo haoni mbingu. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Katekista_Mstaafu:
Mwambie kwa upole. Limbo, yaani mahali pa watoto waliokufa bila ubatizo, pasipo adhabu wala kumwona Mungu, ilifundishwa miaka mingi na wanateolojia, lakini haikuwahi kuwa fundisho rasmi la imani. Katekisimu namba 1261 inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, ya wataalamu wanaoishauri Vatikani, ilieleza sababu za kutumaini wokovu wao. Kanisa linahimiza wasicheleweshwe, lakini mtu asikusukume kwa kukutisha.

Ila na mumeo msikilize. Kama ndoa yenu ilifuata taratibu za Kanisa Katoliki, aliahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe humo, na wewe ulijulishwa. Anakubana kwa sababu ya ahadi hiyo.

Mama_Kichanga:
Ni kweli aliahidi, nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ngoja mtoto alale, niongee naye.