Kwenda kupachungulia kabla ya kuhamia nje na familia

Mama Pacha: Habari zenu wakuu. Mume wangu amepata kazi nje ya nchi, na kabla hatujafunga mizigo nataka tukapachungulie. Pacha wana miaka 11. Tuwabebe au tuwaache kwa bibi yao? Na twende msimu gani?

Msafiri: Waacheni. Mtoto akichoka, siku yenu imeishia hotelini. Nendeni msimu mbaya kuliko yote, na shule ziwe zimefunguliwa. Wakati wa likizo kila mji ni mzuri!

Baba Neema: Napingana kidogo na mkuu hapo juu. Miaka 11 wana la kusema, wapelekeni. Ila hoteli ya katikati ya mji achaneni nayo. Pangeni chumba mtaa mnaoufikiria, na saa 1 asubuhi pandeni basi hadi kazini kwa mzee, mkiwa mmesimama kama wenzenu. Shuleni ulizieni kama nafasi inategemea anwani ya nyumba. Sehemu nyingi ni hivyo, kwa hiyo msilipe kodi kabla ya jibu.

Mama Pacha: La anwani sikulijua, asante. Kadi za chanjo nibebe?

Baba Neema: Beba nakala, shule zitaziulizia. Na mzee asianze kazi kwa viza ya utalii, hata wakimbembeleza.