Feni ya kusukuma hewa ndani au pazia la hewa mlangoni? Naomba ushauri kabla sijalipa

Pwani_Mboga
Wakuu, salaam. Nina koldirumu (chumba cha baridi) Kigamboni, ina miezi miwili tangu iwashwe. Mlango ukifunguliwa joto linaingia, na ivaporeta (koili ya ndani inayopoza hewa) inajaa barafu mpaka feni zinakwama. Mafundi wawili wamenipa kotesheni. Wa kwanza anataka kufunga feni yenye chujio ivute hewa ya nje na kuisukuma chumbani, ili presha ya ndani iizidi ya nje na joto na vumbi visipate njia. Wa pili anasema pazia la hewa juu ya mlango (feni inayopuliza hewa kwenda chini mlangoni) pamoja na mapazia ya plastiki yanatosha. Wa kwanza ni ghali karibu mara mbili. Nimpe nani kazi? Malipo ya awali ni Ijumaa.

Kipima_Joto
Mkuu, hapo bado hujatuambia kitu. Chumba ni cha nyuzi ngapi, na ukubwa wake? Unahifadhi nini? Mlango unatazama wapi, ndani ya jengo au uani? Chumba cha mboga na friza ya samaki havitibiwi kwa dawa moja.

MamaDagaa
Mimi niko Mwanza na friza yangu ya samaki. Weka mapazia ya plastiki, usihangaike. Ila yasimamie. Vijana wakibeba makreti huyafunga pembeni kwa kamba ili yasiwapige usoni, na yakishafungwa ni sawa na huna pazia. Mimi kamba zote nilizikata, na kipande kikijikunja nakibadilisha.

Pwani_Mboga
Samahani wakuu. Vyumba ni viwili. Cha kwanza ni mita 6 kwa 5, kwenda juu 3, nyuzi 2, cha mboga na matunda. Cha pili ni friza ya samaki, nyuzi 18 chini ya sifuri, na ni kidogo kuliko cha kwanza. Kinachonisumbua ni cha mboga. Mlango wake ni mita 1.5 kwa 2.4, unafungukia uani, na asubuhi tukipakia unakaa wazi kama nusu saa. Feni ya fundi wa kwanza ni ya mita za ujazo 200 kwa saa.

BaridiKavu
Nusu saa wazi, tena uani! Ndugu, tufanye hesabu kabla ya Ijumaa. Niko Mombasa, hewa yetu na yenu ni moja. Ikiwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita ya ujazo imebeba gramu kama 24 za maji. Ya nyuzi 2 haiwezi kubeba hata 6. Hizo 18 zinazobaki zinaenda kuganda kwenye ivaporeta. Feni ya mita za ujazo 200 kwa saa itakuingizia zaidi ya kilo tatu na nusu za maji kila saa, usiku na mchana, hata mlango ukiwa umefungwa. Na kompresa yako inaongezewa mzigo wa baridi wa karibu kilowati 4.6. Utakuwa umeilipia ile barafu unayoikimbia.

Na mlango ukiwa wazi haitasaidia. Hewa baridi ni nzito, inamwagikia chini huku ya moto ikiingilia juu. Kuzuia hilo kwa presha peke yake kwenye mlango wa kimo hicho, unahitaji kama mita za ujazo 10,000 kwa saa. Mia mbili ni nini hapo?

Nyanda_za_Juu
Naomba kupinga kidogo. Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi Njombe. Ukumbi wa kufungasha ulikuwa na presha ya juu kuliko nje, na ulifanya kazi vizuri sana: vumbi halikuingia, wadudu walipungua. Msiitupe njia yote.

BaridiKavu
Hewa hiyo ilikuwa inapozwa na kukaushwa kabla ya kuingia, au ilivutwa mbichi?

Nyanda_za_Juu
Ilipozwa na kukaushwa kwanza. Na ulikuwa ukumbi wa kazi, si chumba cha kuhifadhia, hilo nakubali. Lakini matunda yanapumua, yanahitaji hewa mpya kiasi. Ukifunga kila tundu, kabonidayoksaidi inajaa.

Kipima_Joto
Kwa mlango unaokaa wazi nusu saa kila asubuhi, hewa mpya anayo ya kutosha.

Bandari2
Mkiongelea presha, msisahau friza yake. Nisikilizeni, maana mimi nililia. Tanga, tulijenga friza ya samaki. Fundi alijisifu kwamba ameziba kila upenyo kwa silikoni, na kweli aliziba. Tuliiwasha jioni ikiwa na joto la mchana, tukaiacha ishuke kwa kasi. Saa nne usiku mlinzi akanipigia kwamba kumelia kishindo. Kufika, mlango haufunguki, watu watatu tunavuta. Paneli za dari zimebonyea kwa ndani, moja imechomoka kwenye kiungo chake. Hewa ikipozwa kutoka nyuzi 30 hadi 20 chini ya sifuri ndani ya chumba kisichovuja, presha inapungua kwa sehemu moja ya sita. Kwa kila mita ya mraba ni uzito wa karibu tani 1.7 unaosukuma kutoka nje. Haifiki huko kwa sababu hakuna chumba kisichovuja kabisa, lakini hata sehemu ndogo ya uzito huo paneli haiwezi. Valvu ya kusawazisha presha (kitundu ukutani kinachopitisha hewa presha ikitofautiana) ingetuokoa. Haikuwepo kwenye kotesheni, na mimi sikujua kuuliza. Tulibadilisha dari nusu nzima, na samaki walikuwa tayari njiani kutoka Pemba.

Mkuu, nenda leo ukaangalie kama friza yako ina valvu hiyo, na kama ina hita yake. Bila hita inaganda na kuziba.

Pwani_Mboga
Pole sana kaka. Nimetoka kuangalia. Sioni kitu ukutani zaidi ya tundu la waya.

Bandari2
Basi fedha ya kwanza iende hapo.

MamaDagaa
Na wewe unayesema mboga na matunda, matunda gani hayo?

Pwani_Mboga
Ndizi, embe, parachichi. Mboga ni mchicha na karoti.

Nyanda_za_Juu
Zote chumba kimoja, nyuzi 2? Mkuu, ndizi chini ya nyuzi 13 ganda linageuka kijivu na haziivi tena vizuri. Na gesi inayotoka kwenye parachichi na ndizi zinapoiva inafanya mchicha uwe wa njano na karoti ziwe chungu. Feni wala pazia havitaponya hilo.

Pwani_Mboga
Ndiyo maana wateja wanalalamika ndizi! Nilidhani ni za shambani.

BaridiKavu
Ukitenga chumba kwa paneli ili matunda na mboga visikae pamoja, jenga na kibaraza kidogo mbele ya mlango, lori lisikutane na baridi uso kwa uso.

Pwani_Mboga
Nafasi ya kibaraza ipo, mita 2 hivi. Ila ndizi nitaziweka wapi kwa sasa? Nina stoo tupu yenye AC ya kawaida.

Kipima_Joto
AC nyingi za kawaida hazikubali kushuka chini ya 16. Kwa ndizi si mbaya. Stoo ina dari ya nini, bati tupu?

Pwani_Mboga
Bati tupu.