Mkutano wa wapigapicha una faida gani kwa studio ndogo?

Swali: Ninaendesha studio ya picha peke yangu, na ninafikiria kuhudhuria mkutano wa kitaaluma. Je, ndugu mliokwisha kuhudhuria mlijifunza nini ambacho msingekipata mtandaoni?

Jibu la kwanza: Kwangu somo kubwa lilikuwa la bei, kwa sababu wapigapicha wazoefu walifafanua hesabu zao na kuonyesha kwamba saa za kuhariri, uchakavu wa kamera, bima na kodi ya pango huingia katika gharama ya kila kazi, hata kama upigaji wenyewe ni wa saa 2 tu. Niliporudi nilipanga bei upya, nikaanza kudai malipo ya awali na mkataba unaotaja mwenye hakimiliki na matumizi ambayo mteja ameruhusiwa.

Jibu la pili: Naunga mkono, na ningeongeza utunzaji wa mafaili: nakala 3 za kila faili, katika vyombo vya kuhifadhia vya aina 2, na nakala 1 ihifadhiwe nje ya studio. Maonyesho ya vifaa unaweza kuyapitia haraka.

Jibu la tatu: Tafadhali usikose mazungumzo ya wakati wa mapumziko, kwani wapigapicha wanaofahamiana hupeana kazi wanazoshindwa kuzipokea.