Mama ana BPCO (ugonjwa sugu wa mapafu, njia za hewa zinabana) na sasa hataki kutoka nje. Nifanye nini?

MtotoWaKadutu: Bandugu, jambo. Mama ana miaka 63, tunaishi Kadutu, mlimani hapa Bukavu. Amepika kwa makala (makaa) tangu usichana wake, sigara hajawahi kuonja. Mwaka jana walimpulizisha kwenye mashine, daktari akasema ni BPCO. Makohozi yalipimwa mara mbili, kifua kikuu hakuna. Lakini majirani wameshaamua kwamba anacho. Juzi matangani wenzake walinywea vikombe vya bati, yeye akapewa cha plastiki. Alirudi kimya. Tangu siku ile kwaya ameacha, soko ameacha. Usiku anashika dirisha, anasema "nakufa". Namwambia apumzike tu, kila kazi namfanyia mimi. Nakosea?

Yaya_Nguba: Pole mdogo wangu. Unakosea, ila kwa mapendo. Baba yetu tulimbebea kila kitu mpaka kwenda chooni kukawa safari. Miguu ikilegea, hata kazi ndogo inamaliza pumzi. Mtembeze kila siku pahali pa tambarare, akichoka akae, kisha aendelee. Sombe achambue akiwa ameketi, lakini achambue yeye. Kuhusu usiku: akiogopa anapumua mbiombio, hewa ya ndani haiishi kutoka, kifua kinabana, woga unazidi. Aketi, viwiko magotini, avute kwa pua akihesabu 2, atoe kwa midomo iliyofinywa, kama anapoza uji, akihesabu 4. Mjizoeze mchana akiwa mzima. Usiku wa manane hakuna anayejifunza.

PapaChupa: Pampu yake ya kuvuta dawa anaitumia vipi? Wengi dawa inaishia ulimini. Chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako sawasawa na mdomo wa pampu, apulize dawa humo, avute taratibu kwenye shingo ya chupa. Na mbabula, hilo jiko la makala, itoke ndani!

Bahati_K: BPCO haiambukizi hata mkinywa kikombe kimoja. Hao wa matanga ningewafuata nyumbani kwao, mimi.

Nesi_Bkv: Bahati, tulia. MtotoWaKadutu, hiyo huzuni mweleze daktari kama unavyomweleza kikohozi. Inawapata wagonjwa wengi wa mapafu, na inatibika. Dawa ya usingizi usimnunulie mwenyewe farmasi, zingine zinapunguza pumzi. Midomo ikigeuka bluu, akishindwa kumaliza sentensi, au akianza kuchanganyikiwa, msingoje asubuhi.

MtotoWaKadutu: Aksanti sana. Jioni tumekaa wote wawili tukipoza uji usiokuwepo. Akacheka: "Huu umeshapoa, lete mwingine." Mbabula iko barazani, mvua ikija sijui tutapikia wapi. Kwaya bado anakataa, anasema kupanda hadi kanisani ni aibu, watoto wanampita.

Yaya_Nguba: Atoke mapema, apumzike njiani mara tatu. Na aimbe ameketi, kuimba nako ni kutoa pumzi polepole.

MtotoWaKadutu: Nimemwambia. Anajibu kwamba kwenye kwaya anayeketi ni mpiga ngoma peke yake. Lakini ameuliza Jumapili wanaimba nini.