Misa ya mwaka mmoja ya padri wetu imeleta mvutano parokiani, naomba ushauri

Mwanakwaya_TororoUG:
Wapendwa Tumsifu Yesu Kristu. Niko huku upande wa Tororo, nimewekwa kwenye kamati ya misa ya mwaka mmoja wa padri wetu aliyefariki na kikao cha juzi kiliisha kwa kelele tupu.

Huyu padri alikaa kwetu miaka mingi na tulimpenda sana. Alikuwa anakuja kigangoni na pikipiki mvua inanyesha, kanzu ameifunga kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), anafika yeye kaloa chapachapa kanzu kavu, anavaa anaanza misa. Alipokufa ikakutwa daftari mezani kwake, ndani majina ya watoto na deni la ada ya kila mmoja, alilolipa amelipiga mstari, na wengine hata si Wakatoliki!

Sasa wazee wanataka kaburi liwekwe vigae na sanamu yake juu. Vijana nao wameshachapisha kadi zenye picha yake, "Mtakatifu Padri wetu utuombee", wanataka isomwe na watu wote kwenye misa. Kuna mpaka wanaochota udongo wa kaburini wanawapelekea wagonjwa. Paroko mpya amezikataa zile kadi watu wanasema ana wivu. Jamani tushike lipi?

Katekista Mstaafu:
Milele Amina. Pole mwanangu. Paroko wenu msimuonee, huo ndio utaratibu wa Kanisa. Wewe peke yako nyumbani kumuomba marehemu akuombee, ruksa kabisa. Kumwita mtakatifu kwenye misa Roma haijasema, hapo hapana. Tena mnaweza kumharibia wenyewe, maana kesi ya kumtangaza mtu mtakatifu ikifunguliwa huwa wanachunguza kama alishaanza kupewa ibada ya hadharani, wakikuta hivyo inakuwa kikwazo.

Chukua Padri Giuseppe Ambrosoli wa Kalongo, kaskazini mwa Uganda, yule daktari wa shirika la wamisionari Wakomboni. Jeshi lilihamisha hospitali yake mwaka 1987 wakati wa vita, akafia Lira tarehe 27 Machi mwaka huohuo. Kutangazwa Mwenye Heri, yaani hatua ya kabla ya kuitwa mtakatifu, ni 20 Novemba 2022, pale pale Kalongo. Miaka 35 hiyo! Na kwa kawaida kesi haianzi kabla ya miaka 5 tangu kifo, nyie hata mmoja bado.

Kijana wa Malaba:
Mzee shikamoo. Nakuelewa ila tukikaa kimya huko Roma watamjuaje? Si huwa inaanzia kwa watu wa chini wenyewe?

Katekista Mstaafu:
Marahaba. Inaanzia kwenu kweli, ndio maana nasema andikeni. Aliyeombewa akapona aandike jina lake, tarehe, ugonjwa gani, na karatasi za hospitali azitunze asitupe. Muujiza uliompitisha Ambrosoli ni wa mama mmoja wa Karamoja aliyekuwa anakufa hospitali ya Matany mwaka 2008, na madaktari walihojiwa. Udongo kwenye chupa hautathibitisha kitu.

Mama Mapacha:
Mimi hiyo sanamu ndio inaniuma. Mtu alikuwa analoa mvua ili ada za watoto zilipwe leo mnamnunulia vigae? Kaburi lisakafiwe vizuri, msalaba, jina na tarehe, inatosha. Hela iliyobaki ikamalizie daftari, kuna watoto mle wanafukuzwa shule sahivi hivi tunavyoandika.

Mwanakwaya_TororoUG:
Mama umenigusa, kuna mmoja mle namjua kabisa, yuko nyumbani tangu muhula uanze. Kikao ni Jumapili nitalisema hilo la ada mbele ya wazee. Ila daftari liko kwa mtu binafsi na kila mtu analishikashika. Na kadi ni boksi mbili, vijana wametoa hela yao mfukoni sitaki wavunjike moyo.

Katekista Mstaafu:
Daftari apewe paroko kwa maandishi, alifikishe dayosisi, nyie bakini na fotokopi ya kufanyia kazi. Majina ya watoto yasisomwe kanisani, mtawaaibisha wazazi. Kadi msichome. Chapisheni karatasi ndogo mbandike juu ya yale maneno: "Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie." Hiyo hata paroko ataisoma mwenyewe.

Kijana wa Malaba:
Kazi ya kubandika mimi naleta gundi, nitumie ujumbe tu boksi ziko kigango gani.